Bwawa la Nne

Miaka kumi na tisa nilihesabu robota za katani
ghalani, bandari ya Tanga,
kalamu ya risasi nyuma ya sikio:
mistari minne wima, wa tano unaulaza juu yake.
Kwa hiyo usiniambie wamekufa wengi.
Niambie wangapi.

Jumatatu, saba.
Jumanne, ishirini na sita.
Perege wangu wa Machui, ubavu juu,
jicho limetanda ukungu kama kioo cha bafuni,
magamba yamelegea, ukimshika yanakubakia kidoleni.
Mficha maradhi kifo humuumbua, tunaambiwa.
Samaki atayafichia wapi? Hana hata kanga.

Alitangulia Kibwana wa duka la pembejeo
na pakiti ya unga wa antibayotiki,
uleule wanaopewa kuku.
Nilinunua. Nani asingenunua?
Alhamisi, arobaini na mmoja.

Kisha akaja Shemhilu, binti wa Muheza,
buti za mpira zimemzidi miguu.
Akatoa ini dogo kama punje ya kunde,
akalilaza kwenye barafu, akaondoka nalo.
Siku ya tisa simu ikalia:
"Ni kirusi. Ule unga ulikuwa unampigia mbuzi gitaa.
Kirusi hiki hakina dawa dukani."
Na nje ya duka?
Akanyamaza. Nikasikia pikipiki ikipita upande wake.
"Nje ya duka, tunaweza kujaribu."

Tukachuma majani ya mpera uani kwa shule.
Manjano yakashuka kutoka Amani
na udongo mwekundu bado umeyang'ang'ania.
"Hatupiki chai," akanionya.
Tukaloweka kwenye spiriti siku tatu,
tukachuja kwa kipande cha buibui langu la zamani,
spiriti ikaachwa iruke, kikabaki kitu kizito kama asali chungu,
tukakishikiza kwenye chakula kwa uji wa muhogo.
Mikono yangu ikawa kama ya mwari anayesingwa.
Majirani wakauliza: Bibi, nani anaolewa?

Mabwawa matatu yapewe.
La nne lisipewe.

Hapo tukagombana.
"Tukiwapa wote, wakapona," akasema,
"nani atajua ni mpera, au ni mvua ya juzi,
au kirusi kimeshiba chenyewe kikaondoka?"
Nilimwelewa, na kumwelewa ndiko kuliniuma.
Mzani wenye kitanga kimoja si mzani, ni sahani.
Nimepima mizigo ya watu, nalijua hilo.
Lakini robota la katani halikutazami.

Usiku wa tarehe kumi na mbili niliamka
nikaenda na ndoo.
Wale wa bwawa la nne wananijua kwa kishindo cha kandambili;
walipanda juu, vinywa wazi,
duara dogo, duara dogo, duara dogo.
Konzi moja tu.
Nilimwaga konzi moja.

Asubuhi nikamwambia, maana daftari likidanganywa
mahali pamoja, limekufa lote.
Hakunigombeza.
Aliandika, nami nikasoma kichwa chini:
Bwawa la 4. Konzi moja. Sababu: huruma.

Siku ya arobaini tulivuta nyavu, tukahesabu.
Kila bwawa lilianza na mia tano.
La pili, waliobaki mia tatu na kumi.
La kwanza na la tatu, pungufu kidogo.
La nne, mia mbili sitini na wanane.
Nikatoa haraka kuliko simu yake:
kati ya la pili na la nne, arobaini na wawili.

Nilitaka kupiga vigelegele.
Yeye alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu.
"Jani halikuua kirusi," akasema.
"Labda limekichelewesha mlangoni.
Labda limewapa samaki nguvu ya kusukuma mlango.
Na labda ni ile konzi yako imetuvuruga.
Arobaini na wawili si jibu, Bibi.
Ni nauli ya kurudi."

Anarudi Jumamosi na vifaranga wapya.
Nimenyoosha mistari ya daftari, nimechonga kalamu.
Ufunguo wa stoo ya chakula
nimempa akae nao yeye.